Mtambo Wangu wa Kutafuta Uyoga

Jumapili, 23 Agosti 2009

Mvua imekatika, mji mzima uko msituni na vikapu. Mimi niko ndani naskani vijarida vya klabu ya uyoga. Vyote! Tangu enzi za waasisi na taipureta yao. Mgongo umekufa.

Mwenyekiti Kadlčík alipita na bia yake mkononi, akatazama kazi, hakugusa kitu. Anataka tovuti ya klabu iwe na mahali pa kutafuta: unaandika jina la uyoga, unaletewa kila kilichowahi kuandikwa juu yake. Nikamwambia sijui kutengeneza kitu kama hicho. Kwani ile rafu ya viatu uliyoitengenezea klabu ulijuaje, akaniuliza. Halafu: "Ya kale ni dhahabu, Vratislav!"

Dhahabu, sawa. Mchimbaji ni mimi.

Alhamisi, 3 Septemba

Kutwa nzima ofisini na bili za maji za watu, jioni nyumbani na mtambo. Umekubali! Njia yenyewe ni ya mtu aliyechoka: mtambo unahesabu jina limetajwa mara ngapi. Kijarida kilicholitaja sana kinakuja juu, kilicholitaja kidogo kinakwenda chini. Basi. Hauelewi kitu, unahesabu tu.

Kadlčík alikuja kuujaribu. Uyoga wa kwanza aliotafuta? Kadlčík. Akafurahi kujiona alivyo mwingi. Kisha akatafuta mwenyekiti aliyemtangulia, akakuta ni mwingi zaidi. Akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 9 Septemba

Shangazi Hedvika kapiga simu. Ndiye aliyenifundisha msitu, huyu dada wa baba — kisu, kikapu, namna ya kunusa. Sasa uzeeni kajinunulia kompyuta, na kutwa yuko kwenye mtambo wangu. Anasema kitabu kinamchanganya, daktari anamkaripia, lakini kitu nilichokitengeneza mimi anakiamini. Alikuwa na furaha kama mtoto.

Nilikuwa naskani huku namsikiliza. Nikamjibu sawa shangazi, sawa. Sikumuuliza anatafuta nini.

Jumatatu, 14 Septemba

Kadlčík anataka herufi kubwa zaidi. Na picha yake. Nimechoka.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimetoka kwa shangazi.

Aliniita kula gulashi, mchuzi wake mzito wa nyama, na mikate yake ya mvuke. Nimeshika uma, natazama sahani — olšovka! Ule uyoga wa kahawia wenye ukingo uliojikunja, unaoota chini ya miti ya mtoni. Wazee wetu waliula miaka na miaka. Baadaye ikajulikana una hila: unaula mara nyingi, hufanywi kitu, halafu siku moja mwili unaigeukia damu yake wenyewe. Shangazi alijua. Daktari alimkataza, akaacha kabisa.

"Umeanza tena?" nikamuuliza.

"Si mtambo wako umesema? Chemsha, mwaga maji, chemsha tena. Mapishi tele, mwanangu! Daktari anajua nini kuhusu uyoga?"

Nikakimbilia kompyuta yake, nikaandika olšovka. Mapishi. Mapishi. Olšovka kwa siki, olšovka kwa krimu, olšovka ya Krismasi. Waasisi wote na vijiko vyao. Onyo lipo! Liko chini kabisa, ukurasa wa mwisho. Aliyeliandika alikuwa mtu wa maneno machache, akautaja uyoga mara moja tu. Mtambo ukahesabu moja, ukamtupa mkiani.

Nikaimwaga sufuria yote chooni. Shangazi akanuna. "Umeutengeneza mwenyewe, sasa unaukana? Nimekula tangu wiki iliyopita, nimekufa?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ila huu nimejichoma mimi, akaumia yeye.

Nitaurekebisha kesho. Leo macho hayafunguki.

Jumamosi, 19 Septemba

Hospitalini. Jirani yake alinipigia asubuhi: shangazi katapika, kawa wa manjano, mkojo mweusi kama kahawa. Nikatoka bila kugusa kompyuta.

Daktari anasema damu inavunjika na figo zinachoka. Nikamwambia olšovka. Akaniuliza, mbele ya kitanda, nani siku hizi bado anawaambia watu kuwa unalika. Shangazi akadakia kabla sijafungua mdomo: ni nyongo tu, ya kurithi, hata mama yake alikuwa nayo. Mimi nikanyamaza. Nikanyamaza!

Nikatoka kwenye korido kumpigia Kadlčík. Leo ni maonyesho yetu ya mwaka, ukumbi umejaa, kompyuta iko mlangoni.

"Uzime mtambo," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Uzimwe? Watu wamepanga foleni hapa, bwana! Kila mmoja anatafuta jina lake."

"Shangazi yangu yuko hospitali kwa ajili yake."

Akasema maskini, nimpe pole, na kwamba yale ni maneno ya waasisi, hayafutiki hivihivi. Tutazungumza jioni. Akakata.

Nimerudi kando ya kitanda. Shangazi kapata nafuu kidogo ya maneno, si ya rangi. Anamsimulia muuguzi: "Huyu mpwa wangu ndiye aliyetengeneza mtambo wa uyoga. Unauliza chochote, unajibiwa!" Muuguzi kafurahi kweli. Mumewe kaleta kikapu kizima cha uyoga jana, wanabishana upi uliwe.

"Mwandikie anwani ya tovuti, mwanangu," kasema shangazi. "Usione haya."

Nikiandika, nawapelekea sufuria nyingine. Nikikataa, lazima niseme sababu, na mwenye kuisikia amelala hapa na sindano mkononi, uso umejaa fahari kwa ajili yangu. Naogopa. Naogopa uso ule ukibadilika.

Muuguzi kaenda kuchukua chupa nyingine ya dripu. Kaniachia kalamu yake na karatasi. Ndiyo hii ninayoandikia haya yote, badala ya anwani.

Shangazi ananitazama, anatabasamu. Anadhani ni anwani tu, anashangaa mbona ni ndefu hivi.

Viatu vya muuguzi navisikia mlangoni —