Jicho Moja na Mnara wa Kaskazini

Tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu Kidomo,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la barabarani. Hujambo huko kiwandani? Cherehani hazijakushona vidole? Sisi huku wazima. Shangazi yako mzima, ananinunia kama kawaida, na mimi mzima ukiondoa yale ya kuondoa.

Nakuandikia kwa sababu simu hukata kabla sijafika kwenye utamu. Barua nampa dereva wa basi. Huyo nilimfundisha mimi kushika usukani, na akiichelewesha nitamwambia mkewe jinsi alivyolia kwenye mteremko.

Sasa sikia. Ile mashine ya gemu uliyoiacha ukasema, "Babu, usiiguse," nimeigusa. Mtu wako nimemwacha palepale alipo, mimi nimeanza na wangu, nikampa mvi. Nchi ile ni kubwa, mama. Milima, mito, vijiji, na kila unayemsogelea ana shida yake. Huyu kapoteza mbuzi, yule anataka unga uvushwe mto. Nimewabebea wote. Juzi nimelipiga joka kwa jembe. Shangazi yako shahidi, ingawa alikuwa amesinzia.

Ila mtu wangu siku hizi hakimbii, anajikokota. Nimembebesha mapanga kumi na nane, vyungu, ngozi za mbwa mwitu na viatu vya kila adui aliyekufa. Gemu inaniambia vingine nitupe. Miaka thelathini na moja ya lori sijawahi kurudi na bodi tupu, nitaanzia kwenye gemu?

Kuna mnara huko kaskazini, ndio mwisho wa safari. Ndani giza. Huko sina haraka.

Nilisahau. Daktari wa macho kasema hili jicho langu lililobaki limeota mtoto wa jicho, wanipasue tarehe ishirini. Nikamwambia ngoja nimalize gemu kwanza. Akacheka, nami nikacheka.

Babu yako,
Bila Breki


Tarehe 13 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na shangazi amepunguza kununa. Mimi mzima, ni mgongo tu. Tunashona mifuko ya mashati mia tatu kwa zamu. Nikifumba macho naona mifuko.

Habari ya joka nimewasomea wenzangu mezani, wamecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani kafa.

Lakini Babu, nakujua. Mzigo mkubwa huwa unaufunika turubai, halafu unaniita niangalie taa za rangi. Umeandika kurasa mbili za mbuzi, jicho umeliweka mwishoni kama kitu ulichookota njiani. Na jicho lenyewe ndilo hilo hilo moja. Lile jingine lilikwenda hivi hivi, wewe ukisema ni vumbi, ni vumbi, mpaka likazima.

Nenda tarehe ishirini, tafadhali. Na kama ni gemu, fuata ile alama ya njano kwenye ramani, itakufikisha mnarani moja kwa moja. Wiki moja umemaliza. Shida za wale wanakijiji haziishi Babu, zimewekwa kwa ajili ya watu wasiotaka kufika.

Mjukuu wako


Tarehe 16 Aprili

Kidomo,

Hujambo? Mgongo umenyooka? Jipake mafuta ya taa kidogo. Nakutania, usijipake.

Barua yako ilifika. Tarehe ishirini nayo ilifika ikapita. Siku hiyo kulikuwa na mjane mmoja huko kwenye gemu, nyuki wamevamia nyumba yake, watoto wako ndani. Ningemwacha? Ungeniheshimu kweli? Nikamhudumia, na kutazama saa, hospitali wamefunga.

Tangu hapo nimefungua mageti ya miji sita, nimewapatanisha wafalme wawili waliogombania kisima, na nimeoa. Usimwambie shangazi yako.

Siku hizi nakaa shubiri moja kutoka kwenye TV. Shangazi yako anasema kama tumependana na hicho kioo tukafunge ndoa tu. Kinachonisumbua ni ukungu. Huko kwenye gemu ukungu umetanda kote, milimani, mjini, hata ndani ya nyumba. Nikasema labda ndiyo masika yao. Nikamuuliza shangazi yako, hivi ukungu huu utaondoka lini? Akaacha kukunja nguo, akatazama TV, akanitazama mimi. Akasema, "Baba, hakuna ukungu. Jua linawaka."

Nikamwambia namjaribu tu.

Jana pia nilimimina chai nje ya kikombe. Nikasema naosha meza.

Babu yako,
Bila Breki


Tarehe 22 Aprili

Babu,

Shikamoo. Leo sina utani, unisamehe.

Unajua mimi mwenyewe sikuumaliza ule mchezo? Mtu wangu uliyemkuta amesimama mlangoni mwa mnara mwaka wa pili sasa. Kila nikifika pale nageuka, nakwenda kuokota uyoga porini. Nasema kesho. Kwa hiyo usidhani sikuoni. Najua unachookota.

Mnara utakungoja hata miaka kumi, ndivyo walivyoutengeneza. Jicho halikungoji. Daktari amemwambia shangazi kwamba mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi anaweza kupasuka mwenyewe humo ndani, na hapo daktari hatakuwa na la kufanya. Amekupa tarehe nyingine, kumi na moja Juni. Amesema haandiki ya tatu.

Ingia mnarani kabla ya hapo. Halafu uniandikie kuna nini, kwa sababu mimi sijui.

Naogopa, Babu. Nimesema.

Mjukuu wako


Tarehe 30 Mei

Kidomo wangu,

Salamu. Hali yangu utaiona humu humu, usiulize.

Nimeingia.

Nilifunga mapazia ili picha ionekane, nikamwita shangazi yako akae karibu. Nilimwambia aje ashuhudie ushujaa. Ukweli nilitaka mtu wa kushika.

Nikafungua mlango wa mnara na mzigo wangu wote mgongoni. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Halafu kukawa giza. Giza tii. Nikapepesa jicho, giza. Nikaweka mkono mbele ya uso, sikujua kama nauona au najua tu kwamba upo. Rimoti ikaniponyoka. Nikasema basi, limekwenda, limekwenda leo leo. Nikaita, "Mwanangu, imezimika TV au nimezimika mimi?"

Akasema, "Baba, hata mimi sioni kitu. Ni gemu imeweka giza."

Sijawahi kumpenda binti yangu kama dakika ile. Usimwambie, atanipandia kichwani.

Basi tukapigana gizani. Ni jitu la chuma, hulioni, unasikia nyayo tu. Du. Du. Mimi kukimbia siwezi, mzigo. Mara saba likaniua. Mara ya nane nikamwambia shangazi yako anisomee vilivyomo mgongoni, kimoja kimoja, na mimi natupa. Panga, nikatupa. Chungu, nikatupa. Nilitupa nikiumia, kama nashusha shehena ya watu katikati ya pori. Nikabaki na jembe. Nikatega sikio kama nilivyokuwa nikitega kwenye injini inayougua, likasogea kushoto, nikalipiga. Likaanguka, hata sebule ikatikisika.

Halafu yakaanza kupanda majina ya watu walioitengeneza ile nchi. Mengi, kama abiria wa treni. Siwezi kuyasoma, lakini nilivua kofia.

Nikajikuta nje ya mnara, asubuhi. Nikashuka kijijini nikijua watanibeba juu juu. Mjane wa nyuki akaniambia, "Habari ya asubuhi, msafiri." Vilevile kama siku ya kwanza. Mwenye unga vilevile. Hakuna aliyejua nimetoka wapi. Nikazunguka nchi nzima siku tatu nikitafuta mtu wa kunituma, hata wa mbuzi. Hakuna. Nimemaliza shida zote za watu. Ramani imebaki nyeupe, na mimi nimesimama katikati yake na jembe.

Hapo ndipo nilipoogopa, Kidomo. Mle gizani nilikuwa na kazi. Hapa nje nimebaki na tarehe kumi na moja.

Nitakwambia kitu, kikae kwako. Ni kweli nilishuka ule mlima bila breki, na jina nikalipata pale. Lakini barabara nilikuwa naiona. Huyo daktari mkono ukimteleza, mimi ni mzee wa kuongozwa chooni. Hilo nalo naweza kulizoea. Ila mimi kazi yangu iliyobaki ni kuwadanganya watu wacheke. Nitajuaje kama bado wamekaa? Nitakuwa naongea, naongea, kumbe mtu kanyanyuka zamani kaenda zake, naongea na kiti.

Nitakwenda. Njoo.

Babu yako


Tarehe 6 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Natumaini unakula.

Msimamizi kanipa siku tatu, lakini zinaanza jioni ya tarehe kumi na moja, baada ya zamu. Kwa hiyo wakati wanakupasua nitakuwa nashona mifuko, na mingine nitaishona kinyume. Nitafika hospitali kesho yake asubuhi, kabla hawajakufungua bandeji. Nimeomba nitoke mapema zaidi wamekataa. Nimeomba tena.

Usikimbie. Shangazi ameshaficha viatu vyako.

Na kuhusu kiti, mimi tangu nizaliwe sijawahi kutoka chumbani bila kelele. Nikinyanyuka utajua.

Mjukuu wako,
Kidomo


Tarehe 11 Juni, jioni, wodini

Kidomo,

Sijui kama mistari imenyooka. Shangazi yako anasema imepandana kama magari yaliyogongana. Naandika kwa kupapasa, uso wote umefungwa. Wananiambia kitanda changu kipo dirishani. Ahsante yao.

Nimemwambia muuguzi kwamba niliwahi kuendesha lori usingizini, kutoka mji hadi mji, bila kukwaruza. Akaniwekea beseni mapajani, akasema, "Haya mzee, endesha na hili." Huyo tutaelewana.

Walinipasua asubuhi. Sikulia. Shangazi yako akikwambia nililia, muulize alionaje na alikuwa nje.

Daktari alipomaliza alisema, "Tumefanya tulichoweza." Sasa hilo ni neno la kumwambia mtu aliyefungwa uso? Nimeligeuza mchana kutwa. Nimekaa na mafundi wa magari maisha yangu yote. Fundi aliyelipatia gari hasemi hivyo. Anasema washa.

Giza hili si kama lile la mnarani. Lile shangazi yako alikuwa analiona pia. Hili amenipisha, nimo peke yangu.

Wanafungua kesho saa tatu. Shangazi yako atakupa barua hii getini, uisome kabla hujaingia. Kaa upande wa kulia wa kitanda. Usiniulize kama naona, mtu yeyote asiniulize. Ukisikia nimeanza kukuchokoza, sijui hilo gauni umeazima kwa nani, sijui umenenepa, basi ujue nimekuona, ucheke hata kama si kichekesho.

Nikinyamaza, sogea uanze kelele zako, zozote, hata za mifuko ya mashati. Nikinyamaza, Kidomo, wewe usininyamazie.

Babu yako