Kutu Chini ya Kijani

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimemaliza injini. Kushal ameigeuzageuza chini ya taa mpaka nikaanza kujitetea. Kisha akasema, "Dada Dorcas, hii imekula jua kweli." Anasema ni bora kuliko zote nilizowahi kumfanyia. Na mimi najua. Nyingine nilibahatisha. Hii niliifanya kwa moyo.

Mama angekuwepo angeuliza hii nayo ni kazi gani. Mtu mzima, mwenye saluni yake hapa Igogo, anapuliza vumbi kwenye treni ya kuchezea! Si ya kuchezea, Kushal hunisahihisha kila mara. Chumba kizima juu ya duka lao la vitambaa amekijaza reli: stesheni, vilima vya mawe, hata ziwa la gundi. Mabehewa yanamfikia mapya, yanang'aa, na yeye mng'ao hautaki. Anataka yaonekane yamefanya kazi. Siku alipomleta mkewe, Parin, kutengeneza kucha, aliniona na mashine ya kupulizia rangi. Hakuniacha tena. Tangu hapo nazeesha — ndilo neno letu.

Wanja wa unga ndio masizi. Poda ya kahawia ndiyo vumbi. Kutu ndiyo yenye ufundi: rangi ya kutu kwanza, juu yake sprei ya nywele, juu yake kijani. Ikikauka unaigusa na brashi yenye maji. Maji yanalainisha ile sprei, kijani kinabanduka, kutu inachungulia. Mwisho unafunga na vanishi ili isibanduke zaidi.

Vanishi imeisha, ameagiza Dar. Akasema nenda nayo hivyo hivyo, ni yako, mwonyeshe mzee. Maana namba niliyoandika ubavuni ni ya injini ya Baba.


Ijumaa, 5 Septemba

Nimempa leo. Sikumwonyesha, nimempa mkononi, kwa kuwa macho yote mawili yana mtoto wa jicho na anachokiona ni mwanga tu. La kulia linafanyiwa upasuaji Alhamisi.

Ameipapasa taratibu. Ngazi. Vishikizo. Akafika dirisha la dereva, kidole kikabaki pale. "Namba?" Nikamtajia. Halafu akauliza, "Inang'aa, mayu?" Huniita mayu, mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Nikasema inang'aa.

Sijui ilitokea wapi. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwepo, pana kabisa. Baba alianza kazi reli kwa kufuta injini, kabla hata hajajua kuendesha. Alipopewa ya kwake aliendelea kuifuta mwenyewe, kwa mkono wake, kabla ya kila safari, wenzake wakimcheka. Nimesikia hadithi hizo tangu utoto. Lakini mimi injini ile nimeijua imelala reli ya pembeni, nyasi hadi kwenye ngazi, rangi imebanduka. Nilikuwa napita pale nikienda shule. Yeye alishapunguzwa kazini, amerudi Magu kulima mpunga. Hakuja kuitazama hata mara moja.

Nilidhani nampa injini yake. Nimempa ya kwangu.


Jumapili, 7 Septemba

Haiachi. Anakula ikiwa mezani karibu na sahani. Ameifuta kwa leso, leso kavu, akiipulizia pumzi kwanza.

Jirani yetu Mama Gladness alikuja kumtakia heri ya upasuaji. Shikamoo, marahaba, kisha Baba akamsogezea injini: tazama, binti yangu kaitengeneza kama nilivyokuwa naiweka mimi. Mama Gladness akaitazama ile kutu. Akanitazama mimi. "Kweli mzee," akasema, "inang'aa hiyo."

Nikamsindikiza nje. Sasa tuko wawili.


Jumatano, 10 Septemba

Nilimpigia Kushal. Anasema mambo ni mawili. Ama mwambie mzee, ni mtu mzima, ataelewa. Ama iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, itoe rangi yote hadi sprei iishe, uanze upya. Siku tatu, kwa uchache.

Siku tatu! Ningezipata kama ningeanza Ijumaa. Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa napenda kumwona anavyoishika. Hilo ndilo jibu, na linanitia aibu.

Jioni nimemwandalia shati la hospitali. Nikasema, Baba, kuhusu ile injini. Akasema, "Ndiyo?" Nikasema usije nayo kesho, itapotea huko. Akakubali kwa shingo upande.


Alhamisi, 11 Septemba

Upasuaji umeenda vizuri. Daktari kijana, mpole, anasema kesho wanatoa bandeji.

Baba alipolala nikachukua injini nikakimbia saluni. Rose, tunayefanya naye kazi, alikuwa na wateja wawili akaniuliza kama Baba amepona. Nikajibu ndiyo huku nachanganya kijani. Nikapuliza juu ya kila kitu. Juu ya masizi, juu ya vumbi, juu ya kutu, kisha nikarudishia mstari na namba. Sikuiosha. Najua sprei iko chini. Najua vanishi haijafika. Rose aliona mikono yangu akasema, dada, hiyo kazi si unailipua? Nikamwambia itakaa. Mzee ataitazama tu, itakaa hadi vanishi ije.

Kazi yangu bora kuliko zote, nimeifukia kwa dakika chache. Na sikuionea hata huruma. Nilichokuwa nawaza ni uso wake kesho.


Ijumaa, 12 Septemba

Anaona!

Bandeji ilipotoka alifumbafumba jicho, akanitazama mimi kwanza. Muda mrefu. "Umekuwa mtu mzima, mayu." Nikalia pale pale mbele ya nesi.

Nyumbani hakukaa hata chini. Injini iko wapi? Nikaiweka dirishani penye jua. Kijani tupu, mstari wa njano, namba nyeupe. Alisimama mikono nyuma akainama. Akaniambia nilikuwa na jicho zuri tangu mdogo. Kisha akasema, "Ulinieleza kweli. Inang'aa."

Nimekula chakula kama mgonjwa.


Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi nimemtia dawa ya jicho, nikaingia jikoni kuchagua maharage. Yeye nje, kwenye kiti chake ukutani. Nikasikia maji kwenye ndoo. Nikadhani ananawa.

Nilipotoka alikuwa na kitambaa. Amekilowesha, amekikamua, anafuta. Polepole, kutoka dirisha la dereva kwenda nyuma, anavyofuta mtu aliyefanya hivyo nusu ya maisha yake. Na kijani kinakuja na kitambaa. Chini yake kutu. Anaona kutu, anafuta zaidi. Anafuta zaidi, inaongezeka.

Nilikuwa na maharage mkononi.

Akaacha. Akatazama kitambaa, kijani chote kimehamia huko. Akatazama kiganja chake, upande huu na huu. "Nimekuharibia," akasema. "Mkono umekuwa mzito. Kumbe sikujua umekuwa mzito hivi."

Nikasema si wewe Baba. Akasema usinibembeleze, nimejionea mwenyewe, hilo jicho ndilo mlilonitengenezea. Miaka yote ile, anasema, hakuwahi kuikwaruza ile kubwa, hata mara moja. Sasa hii ndogo, ya binti yake, siku ya kwanza tu.

Ameiweka mezani, katikati, mbali na ukingo. Ameniomba niifungie kabatini asije akaigusa tena. Kisha amekaa, mikono kaificha kwapani. Tangu wakati huo hajainyoosha. Chai nimempelekea, hajaigusa. Jicho la kushoto alikuwa amekubali lifanyiwe Oktoba. Sasa anasema hilo tuliache, hili moja limemtosha.

Vanishi imefika. Kushal kanitumia ujumbe mapema.

Baba kaniita. Anasema kitu cha watu hakiharibiwi hivi hivi mtu akanyamaza. Anataka namba ya simu ya huyo bwana Kushal aliyetoa injini amwombe radhi mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikamwambia naingia ndani kuitafuta.

Namba naijua kwa kichwa, na Kushal anajua kutu ilitoka wapi. Nimekaa kitandani naandika. Anauliza kutoka nje kama nimeipata. Nimejibu bado, Baba.

Anauliza tena.