Nikirudi Nitakwambia

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini. Wiki sita za kukaa nyumbani zinatosha. Nimechoka kutazamwa kama kikombe chenye ufa.

Dukani hakuna kilichobadilika. Magodoro yamesimama ukutani na nailoni zao, yanalia kwach-kwach ukiyagusa. Mzee Punguzo, ndiye bosi, jina tumempa sisi na nadhani analipenda, amenipa pole ya sekunde tatu, kisha akanipa simu ya duka. Aliyekuwa anaandika ujumbe wa asubuhi ameacha kazi.

"Wewe una mwandiko mzuri," akaniambia.

Mwandiko! Kwenye simu!

Kazi yenyewe: kila siku saa tatu asubuhi, ujumbe mmoja kwa wateja wote. Namba elfu mbili na mia moja. Ukishanunua kwetu hata foronya, umekwisha, tunakuandikia mpaka kiama. Nimesoma za zamani. PUNGUZO! PUNGUZO KUBWA! NJOO UJIONEE! Miezi na miezi. Dada wa kaunta, tunayemwita Kucha kwa sababu ya kucha zake, anasema mwaka mzima wamejibu watu watatu. Mmoja alitukana.

Nimeandika: "Punguzo linaendelea." Nimetuma. Sikutaka kumshtua mtu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeharibu. Nimeharibu vizuri sana!

Nilitaka leo niwape kisa cha kweli. Jana mteja alirudisha godoro, eti lina uvimbe unamchoma ubavuni. Tukafungua zipu ya ganda, tukakuta rimoti ya televisheni. Miezi minane nyumba nzima wanaitafuta, mke amemshuku mume, mume amemfukuza mpangaji. Nikawa naandika taratibu, mwisho niseme kwamba zipu zetu ni imara. Kucha akapiga chafya, ile yake ya kuangusha vitu. Kidole kikaruka. Ujumbe ukaenda hivi:

"Jana mteja ametrudishia godoro. Anasema lina uvimbe. Tumefungua zipu, na ndani tukakuta"

Basi. Na kosa la herufi juu yake.

Simu ya kwanza haikuchukua dakika moja. Mama mmoja: "Mwanangu, mmekuta nini? Mimi nimelalia la aina hiyo hiyo!" Mwingine, sauti ya kiume: "Kama ni pesa, ni zangu." Mwalimu mmoja akaandika kwamba sentensi haina nukta, halafu chini yake: "Lakini mlikuta nini?"

Kufika adhuhuri, watu sitini na tatu. Kumi na mmoja wamekuja kwa miguu yao. Nikawa nawaambia mmoja mmoja, "Ni rimoti," wanacheka, halafu kwa kuwa wameshafika wanakaa juu ya magodoro na kuanza kusimulia walivyopoteza vyao. Mzee Punguzo alikuja ameinua kidole aanze kufoka. Alipoona duka limejaa, kile kidole kikaenda kukuna sikio.

Mume wangu angecheka mpaka akae chini. Yeye alikuwa fundi wa lifti, na visa vyake vyote vilikuwa hivi hivi. Anaanza wakati ananyoa ndevu, anafika patamu, anaangalia saa. "Nikirudi nitakwambia." Akirudi kala, kaoga, keshasahau. Kisa kimoja cha paka na mhasibu nilikisubiri tangu Jumatatu mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee Punguzo sasa ni bingwa. "Kata!" ananiambia. "Kila siku kata! Usiwape mwisho!" Jana hakunisubiri, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: USILALE LEO KABLA HUJATUPIGIA SIMU.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili hakulala kweli. Simu yake haina salio la kupiga. Leo tunafungua mlango tunamkuta nje, macho mekundu kama nyanya. Anataka kujua kuna hatari gani. Mzee Punguzo akamwambia kuna punguzo la asilimia kumi. Yule mzee akauangalia mto wa maonyesho, akaupiga bakora tatu, akaenda zake.

Nimefikiri sana njiani. Punguzo halina "halafu?". Hakuna binadamu aliyewahi kuambiwa asilimia kumi akauliza, halafu ikawaje. Rimoti ina halafu. Lakini kutisha watu pia si kisa. Ukimsubirisha mtu umemshika mkono unamvusha barabara. Huwezi kumwachia katikati halafu ukamcheka.

Nimemwambia Mzee Punguzo. Amesema nipunguze falsafa, niongeze kukata.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimewapa wateja kisa cha mke na mume waliokuja kuchagua godoro wakiwa hawaongei. Kila mmoja akilala upande wake, uso ukutani, wakituma maneno kupitia kwa Kucha. "Mwambie ni gumu." "Mwambie yeye ndiye mgumu." Nimeishia pale mume alipogeuka. Jumatatu nitasema alichosema. Ni kweli tupu, nilikuwepo.

Watu tisini wamejibu. Mwanamke mmoja ameandika: "Nakuomba usiwaachanishe."

Nikaona raha. Nisiseme uongo. Tangu msiba ndiyo mara ya kwanza nimeona raha, na nimeipata kwenye kuuza sponji.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya jambo na sijui kama nijilaumu.

Ya wale wawili ilikwisha vizuri. Mume aligeuka, akamwambia mkewe, "Hili linafaa, lakini wewe lala upande wa feni." Wateja walifurahi. Saa tatu na robo tu Mzee Punguzo akawa juu yangu: lete kingine, leo hii hii, kikubwa zaidi, watu wamepata moto. Sina kingine. Nikakaa na simu mkononi. Vidole vikaandika vyenyewe:

"Asubuhi ile mume wangu alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Akasema: nikirudi nitakwambia jambo. Jambo kubwa, safari hii nikumbushe. Hakurudi."

Nikatuma. Bila godoro, bila bei, bila chochote.

Alikufia kazini, ndani ya lifti aliyokuwa anaijaribu, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Daktari alisema moyo. Mimi nasema mtu yule hata kufa hakufikisha, alikufia katikati.

Majibu mia nne na kitu. Hakuna aliyetaja godoro. Wengi pole. Lakini wengi zaidi: "Alitaka kusema nini?"

Wiki sita watu wameniuliza habari ya jeneza, ya nguo zake, ya kama nitaendelea kukaa nyumba ile. Hilo hakuna aliyeniuliza. Na ndilo pekee ninalojiuliza mimi, kila nikitia chumvi kwenye chungu, kila nikifunga mlango.

Jumanne, 12 Machi

Mzee Punguzo ana wazo. Mungu atunusuru na mawazo ya Mzee Punguzo.

"Shindano," ananiambia. "Bashiri marehemu alitaka kusema nini, ujishindie mto."

Nikamwambia hapana. Akasema amenielewa, ananiheshimu, mimi ni kama mdogo wake. Nilipokwenda kula akatuma.

Kucha amezihesabu mpaka jioni. Alitaka kusema ana nyumba ndogo: thelathini na moja. Amepata kazi mbali: kumi na tisa. Amenunua kiwanja: kumi na saba. Anaumwa: kumi na mbili. Na mmoja: "Alitaka kukwambia godoro lenu bovu."

Hilo la mwisho lilinichekesha mpaka machozi. Kucha naye akacheka, halafu akaniangalia vizuri, akanisukumia leso. Nyumba ndogo thelathini na moja! Watu hawajawahi kumwona. Mtu aliyekuwa anakata kucha za miguu juu ya gazeti na kulikunja kama barua, amtoe wapi mwanamke wa pili?

Jumatano, 13 Machi

Wifi kapiga simu. Dada mkubwa wa mume wangu. Hakusalimu.

"Kwa hiyo sasa kaka yetu mnamuuza pamoja na foronya?"

Nikamwambia, wifi, nisamehe, sikukusudia ifike huku.

"Mtaa mzima unaniuliza mimi! Muuza mboga ananiuliza!" Alifoka mpaka pumzi ikamwishia. Halafu akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Na ukae ukijua, kaka alikuwa na mambo yake."

Mambo gani?

"Si mimi wa kusema." Akakata.

Kumbe ni ukoo mzima! Wanazaliwa hivyo, wanafika patamu wanaangalia saa.

Lakini sasa nimeanza kuhesabu. Mwezi wake wa mwisho, kila Jumanne alichelewa. Lile shati la bluu alinunua mwenyewe, mtu ambaye miaka kumi na sita soksi namnunulia mimi. Na akaanza kupaka mafuta mikononi. Nilimtania, nikamwambia grisi imekuacha mpweke. Alicheka tu.

Mto mmoja, watu thelathini na mmoja. Labda wana akili kuliko mimi.

Alhamisi, 14 Machi

Ujumbe, kwenye simu ya duka, namba siijui:

"Shemeji pole. Mimi ni Spana, nilikuwa fundi msaidizi wa marehemu. Siku ile nilikuwa naye mle ndani. Jambo alilotaka kukwambia aliniambia. Si la kuandika kwenye simu. Nitakuja dukani Jumamosi saa nne."

Nimeusoma mara ishirini. Spana namjua kwa jina tu. Mazishini alikuwepo, mrefu, alisimama nyuma, hakuja kunipa mkono.

Nimempigia. Haipatikani. Siku mbili! Si la kuandika kwenye simu! Hata mimi siku ya chafya sikumfanyia mtu hivi. Sasa najua alivyojisikia yule mzee wa mtaa wa pili, na bakora ningekuwa nayo ningepiga mito yote.

Ukweli ni kwamba jambo zuri huandikika. Kiwanja kinaandikika. Kazi mpya inaandikika.

Mzee Punguzo alisomea begani kwangu. Sikumsikia anakuja. Nilipogeuka alikuwa keshaondoka, na simu yangu binafsi ikalia mfukoni, kwa sababu mimi nami nimo kwenye orodha ya wateja: JUMAMOSI SAA NNE KAMILI. ATASEMA. USIKOSE. MITO YOTE NUSU BEI.

Ijumaa, 15 Machi

Sijala. Nimelifua shati la bluu, halikuwa chafu.

Ujumbe wa leo: "Tuko wazi." Mzee Punguzo amesema ni wa kitaalamu sana, unaongeza hamu. Sikuwa na utaalamu. Sikuwa na neno lingine.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia stoo, juu ya boksi la mito. Nimewaambia natafuta foronya za pembe tatu. Hazipo, kwetu foronya zote zina pembe nne.

Wako nje. Nimewaona kupitia upenyo. Watu kama arobaini, wengine wamekaa kabisa juu ya magodoro, kwach-kwach, kama wanasubiri basi. Mwalimu wa nukta yupo, nimemjua kwa miwani tu na jinsi anavyosoma vibandiko. Wifi naye amekuja, kavaa vizuri, kasimama karibu na mlango na mkoba wake kifuani. Mzee Punguzo ameweka kiti kimoja katikati. Ana kipaza sauti! Kakitoa wapi?

Spana amefika saa nne kasoro kumi. Alipoona watu alitaka kurudi. Kucha akamshika mkono, akamkalisha kaunta, akampa chai. Amekishika kikombe kwa mikono miwili na hanywi. Ana mikono ya mume wangu, ile ya mafundi, yenye weusi ndani ya mistari.

Nilijua nitatoka. Nimevaa, nimejifunga kilemba, nimejiambia liwe liwalo, hata kama ni lile la watu thelathini na mmoja. Sasa miguu haitaki. Na si kwa sababu ya lile.

Nimelitambua sasa hivi, hapa, nikiwa na kalamu. Wiki nane hizi mume wangu bado ana neno la kuniambia. Kila jioni yuko njiani. Spana akifungua kinywa, jambo liwe tamu liwe chungu, mume wangu atakuwa amemaliza kuzungumza. Hatakuwa na lingine. Mimi ndiye niliyewafundisha watu elfu mbili kuuliza halafu, na mimi ndiye nisiyeitaka halafu.

Mzee Punguzo anapiga kelele kwamba saa nne imefika na dakika tano juu. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Watoto wa mtu wanacheka.

Kucha kaja mlangoni. Hajaingia. Kaninong'oneza kwamba amemwambia Spana apite kwa nyuma, na kwamba kile kipaza sauti amechomoa waya wake na kuukalia. Akiondoka akapiga chafya, nikasikia kitu kimeanguka.

Hatua. Nzito, za buti. Zimesimama nje ya mlango wa nyuma.

"Shemeji."

Nimeitika.

"Shemeji, nitasemea hapa hapa. Si lazima ufungue. Ila aliniambia nikikwambia, kwanza nikuulize umekaa au umesimama."

Nimemwambia nimekaa.

Nimesimama. Namsikia anavuta pumzi, na mkono wangu uko kwenye