Elirehema Amelala Wapi

Jumatatu, 9 Juni
Hujambo, daftari langu? Umeamkaje? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila usingizi sina. Nimekamua ng'ombe, nimesali, nimeenda mjini. Baridi kali. Kikao cha kamati pale Lemara mpaka mchana. Siku ya kuhesabu ni Jumanne ya wiki ijayo, alfajiri, mkoa mzima: watu wote wanaolala nje, kuanzia mjini, njia yote ya Moshi, mpaka huku kwetu Kikatiti. Mimi ndiye mratibu wa wahesabuji wa makanisa. Darasa la saba mimi! Walinichagua kwa sababu kina mama wa usharika wananisikiliza. Nikakubali haraka. Sababu yangu nyingine sikuitaja.

Sababu ni Elirehema, mdogo wangu. Tangu Pasaka hajaonekana. Kanisani wanajua yuko Mererani machimboni. Mimi najua analala kwenye baraza za maduka, nyuma ya stendi. Au alikuwa analala. Kama yu hai, Jumanne kuna mtu atamkuta. Naogopa akutwe. Naogopa zaidi asikutwe.

Jumatano, 11 Juni
Jaribio la kuhesabu, Sombetini. Aibu tupu.

Karatasi iliandikwa "Je, una makazi?" Nikaona ni lugha ya ofisini. Nikawaambia wahesabuji waulize kama tunavyoongea: "Una kwenu?" Basi wote wakajibu wanako. Wote! Kwetu Singida, kwetu Mbulu, kwetu Moshi. Baba mmoja aliyejilaza juu ya viroba akakasirika kabisa. "Mama, unanitukana? Mimi nina kwetu Kondoa. Kaburi la babu yangu liko pale. Wewe kwenu wapi?"

Loishiye, dereva wetu wa bodaboda anayeimba besi kwaya kuu, alicheka mpaka akashika pikipiki isianguke. "Hongera Mama Upendo! Sombetini yote kila mtu ana nyumba."

Sikucheka. Wana haki. Nani atasema mbele ya watu kwamba hana kwao? Hata mimi nisingesema. Karatasi tupu, na siku zinakwisha.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeamka na swali. Usimuulize mtu kwao. Muulize: "Usiku wa kuamkia leo umelala wapi?" Kisha andika anachosema, usibishane naye. Mwenyekiti amekubali kwa simu. Nimewapigia wahesabuji wote, mmoja mmoja, mpaka sauti imekauka.

Halafu nikakaa jikoni nikaelewa nilichofanya. Kwa swali hili Elirehema hana pa kukwepea. Atasema barazani, na Mama Upendo atakuwa dada wa mtu wa barazani.  Nimepiga magoti nikakosa cha kuomba.

Jumamosi, 14 Juni
Mjini wanasema tunahesabu ili karandinga la polisi lije kuwabeba wanaolala nje. Si kweli, lakini nani atatuamini? Loishiye amekwenda na chai na mandazi kuwaeleza. Wengine wameshahama stendi. Na Elirehema je? Kama amekimbia, hatapatikana tena.

Nimemfokea Baba Upendo bila kosa. Maharage yameungua. Akala hivyo hivyo.

Jumanne, 17 Juni
Imefanyika. Bwana asifiwe.

Tangu alfajiri nilikuwa na simu mkononi.  Mchana Loishiye akaingia uani na helmeti kichwani. Nikampa kiti, hakukaa. Nikajua.

Anasema nyuma ya stendi alimkuta mtu kwenye maboksi, amekonda, sura yangu kabisa. Akamuuliza swali. Yule naye akauliza, mkubwa wenu nani? Loishiye akamjibu, Mama Upendo wa Kikatiti.  Yule akasema: "Andika nimelala kwa dada yangu, Kikatiti. Mjini nimefika asubuhi hii, natafuta kibarua." Loishiye akaandika. Si ndivyo nilivyoagiza?

"Ila samahani, Mama," akaniambia. "Maboksi yalikuwa bado na joto."

Yu hai. Nimekwenda nyuma ya zizi nikalia. Yu hai, na amenificha. Hana hata kamba za viatu, na anachokificha ni jina langu.

Jumatano, 18 Juni
Lemara, kujumlisha hesabu. Ningeweza kukaa kimya. Nilijiambia hivyo njia nzima.

Nikasimama, nikashika mgongo wa kiti. Nikasema kuna mmoja amekosewa. Elirehema ni mdogo wangu wa tumbo moja, hakulala kwangu, amelala nje. Mwongezeni. Mwenyekiti akakohoa. Mama mmoja wa usharika wetu akashtuka: "Si yuko Mererani?" Nikamjibu, hapana dada, yuko stendi. Nikakaa bila kuambiwa.

Loishiye akanipeleka nyuma ya stendi. Tumemkuta. "Shikamoo dada," akasema akiangalia chini. Nikamwambia umeniharibia hesabu wewe. Akacheka, jino la mbele halipo. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema nimpe muda, hataki kuingia kijijini hivi alivyo. Nilitaka kumshika mkono nimvute kama alipokuwa mdogo. Sikumvuta. Nimerudi peke yangu, na sijui kama nimekosea.

Jumapili, 22 Juni
Ibada ya kwanza. Wengine wamenisalimia kwa sauti ya msibani. Wengine wamepita. Sawa tu.

Baada ya chakula Baba Upendo ametoa magunia ya mahindi stoo, bila kuombwa. Amepiga misumari kitanda cha zamani, amefungua dirisha. Nimetandika.

Jioni Loishiye anashuka mjini. Nimempa maneno ampelekee: Elirehema, kitanda kipo, shemeji yako amekitengeneza mwenyewe. Njoo hivyo hivyo ulivyo. Nijibu mapema, mdogo wangu, nijue nimenye ndizi za watu wangapi.