Kikombe cha Bibi

Shoga, nimemfokea mama mkwe. Mimi! Mbele ya mume wangu!

Nimetoka kazini namkuta mwanangu tumbo limejaa kama ngoma, anaharisha, amelia mpaka sauti imekauka. Na daktari alishasema tumbo lake halikubali maziwa ya ng'ombe. Tangu tuache alikuwa mzima kabisa!

Namuuliza bibi yake, ananiambia, "Nimempa kidogo tu, na nimeyachemsha vizuri."

Kidogo tu! Nikamwambia, "Unataka kuniulia mtoto?" Hivyo hivyo, shoga. Maji yameshamwagika.

Akasema, "Basi mimi nimpe nini mjukuu wangu?"

Sasa hivi anafunga mizigo yake. Na mtoto, tumbo bado linamsokota, anamfuata nyuma na kikombe kitupu, anamnyooshea amjazie.