Pole kwa Bertha

Gare, Jumapili

Mdogo wangu Alphonce,

Mapeasi yameiva. Daktari hanipi tena tarehe ya kurudi kliniki, kwa hiyo naungama.

Jana kikombe kiliniponyoka. Badala ya "mzembe wewe" ya kila siku, nikasema, "Pole, Bertha." Mjukuu wangu Lightness akacheka. "Bibi, unajipa pole mwenyewe?"

"Kila anayejikwaa nimempa pole, kasoro huyu Bertha," nikamjibu.

Miaka hamsini nilijiita mjinga kwa kuacha nafasi ya chuo kikuu, nikajitetea kwamba mama alipofariki nililazimika kukulea. Hata wewe ulisikia hivyo, ukabeba lawama. Alphonce, baba aliniruhusu niende. Nilibaki kwa sababu nilitaka kukulea, na ningechagua hivyo tena.

Njoo na kapu tupu, uondoke na mapeasi.

Dada yako kwa hiari,
Bertha