Karatasi ya Maua Sebuleni

Shangazi Lorna, nisaidie kabla sijaugua,

Mimi ni mjane wa miaka sabini na saba, napanga ghorofa ya chini ya jumba jekundu lenye mnara hapa Toronto, lililojengwa enzi za Malkia Victoria, nimeishi humo tangu 1974 na marehemu mume wangu Clarence, sasa kampuni iliyolinunua ikataka kulivunja ijenge maghorofa, jiji likamtuma binti anaitwa Philippa akague kama linafaa kuhifadhiwa, akapiga magoti sebuleni kwangu, akaipapasa karatasi ya maua ya ukutani, akaniuliza, "Bibi, hii ni ya tangu nyumba ilipojengwa?" nami nikamjibu, "Ndiyo mwanangu," na wala si kweli, tuliibandika wenyewe mwaka ule tuliohamia, tuliinunua dukani kwa bei ya kutupa, tukagombana siku nzima, na kona moja aliyobandika Clarence maua yako kichwa chini mpaka leo. Wiki iliyopita jiji liliamua jumba halivunjwi, maghorofa yatajengwa nyuma yake, nami nabaki. Majirani wameniletea keki, sijaikata hata kipande. Nikisema ukweli nahofia watalivunja, nikinyamaza nitakufa mwongo. Nifanyeje?

Mwongo wa Sebuleni

Mwongo wa Sebuleni,

Pole, lakini haya huna? Kwa umri huo unamdanganya mtoto wa watu aliyekupigia magoti? Haya, nimeshakugombeza, sasa kaa chini.

Jumba jekundu lenye mnara lililonusurika wiki iliyopita ni moja tu, na ripoti yake inasomwa na yeyote anayetaka. Nimeisoma yote, chai imepoa. Jumba limehifadhiwa kwa ajili ya mnara, ngazi za mwaloni na vioo vya rangi vya mlangoni. Karatasi yako iko ukurasa wa thelathini na moja: "Ya miaka ya sabini. Mpangaji anakumbuka vingine." Philippa alijua palepale, akakustahi tu. Hakuna atakayevunja kitu, kwa hiyo kula keki yako.

Kesho asubuhi mpigie simu umwombe radhi, na usijitetee kwa uzee. Halafu mjibu swali lake, maana chini ya mstari ule ameandika: "Kona ya dirishani maua yamepinduliwa. Aliyebandika hajulikani."

Mwambie ni Clarence. Mtajie na jina la ukoo, aliandike vizuri.